TAA YA TAIRI, GEJI, NA BARIDI YA KARATU

(Hotuba mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Barua ya Kamati ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa, kwa muda usiozidi dakika 20. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walikuwa madaktari, mahakimu na wahandisi. Mimi riziki yangu naipata katika gereji ya matairi mjini Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Basi nitazungumza juu ya tairi. Na kama yuko anayeona kuwa jambo hilo ni dogo, ajiulize kwanza amefikaje hapa leo asubuhi.

Wenye umri wangu mnaikumbuka barabara ya kutoka Makuyuni kupanda Mto wa Mbu hadi Karatu. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa tope jekundu, na dereva aliyefika salama alipewa chai kama mtu aliyetoka vitani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilijengwa kwa msaada wa Japani mpaka lango la Lodoare. Tunashukuru. Lakini lami ilileta mwendo wa kasi, na mwendo wa kasi na tairi lenye upepo mdogo hawajapata kuwa marafiki.

Vijana, lishikeni hili kwanza. Mpira wa tairi peke yake hauwezi kubeba gari. Kinachobeba ni upepo uliofungiwa ndani; mpira ni mfuko wake tu. Upepo ukipungua, kuta za tairi hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Chukueni waya, mkaukunja na kuukunjua upesi upesi, halafu mguse pale unapokunjika: mtaona ni wa moto. Ndivyo tairi linavyojipika lenyewe. Nyuzi zilizo ndani huachana na mpira, na siku moja, gari likiwa limejaa watu na liko mbioni, tairi hupasuka. Watu husema limepasuka ghafla. Siyo ghafla. Lilianza kupasuka wiki kadhaa kabla, na hakuna aliyelipima.

Upepo ukizidi nao una ubaya wake. Tairi huwa gumu kama gogo, hugusa ardhi kwa katikati tu, huruka ruka kwenye barabara iliyojikunja kama bati, na jiwe lenye ncha hulikata kwa urahisi zaidi. Kiasi kinachofaa hakimo kichwani mwa fundi wala hakimo mdomoni mwa dereva mwenzako. Kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi yana tarakimu mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo. Na mbele na nyuma huenda visilingane. Ile tarakimu kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni kikomo cha tairi, siyo kipimo cha gari lako.

Sasa niingie kwenye taa. Baadhi yenu mna magari ambayo dashibodi yake huwasha alama ya manjano, mfano wa kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Hiyo ndiyo taa ya upepo wa tairi. Mwaka 1986 gari la Porsche 959 lilikuwa tayari na mtambo wa aina hiyo, lakini kwa muda mrefu ulibaki kitu cha matajiri. Kilichoufikisha kwa watu wa kawaida ni msiba.

Mwezi Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza huko Marekani kuyarudisha matairi milioni 6.5. Mengi yalikuwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Nyuso za matairi zilikuwa zikibanduka safarini na magari kupinduka. Waliokufa walizidi 200. Kampuni hizo mbili zilibishana sana juu ya chanzo. Lakini hata upepo uliingia katika ubishi huo: kampuni ya gari ilikuwa imependekeza paundi 26, na ya matairi ikasema 30 ndizo zifaazo. Fikirini, ndugu zangu. Tofauti ya paundi 4, ambayo kwa mtu apigaye teke tairi ili kulipima haipo kabisa, ilifika mpaka Bungeni. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa na mtambo wa kuonya. Ulaya ilifuata, kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya dogo la abiria lilipaswa kuwa nao. Magari mengi yaliyotumika tunayopata kutoka Japani hayana taa hiyo, kwa hiyo usipoiona kwenye gari lako usidhani imeibiwa.

Mitambo hiyo iko ya aina mbili. Ya kwanza ina kihisi ndani ya kila gurudumu, kwa kawaida kimeshikana na valvu. Kihisi hupima upepo na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Kina betri ndogo iliyozibwa humo humo, inayodumu takriban miaka 5 hadi 10. Ikiisha, kihisi chote hubadilishwa. Ya pili haina kihisi cha upepo hata kimoja. Inahesabu mizunguko ya magurudumu kwa kutumia vile vifaa vya breki zisizojifunga. Tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo, na gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, kama mtoto anavyopiga hatua nyingi akifuatana na baba yake. Mtambo ukiona gurudumu moja lina haraka kuliko wenzake, huwasha taa.

Mnaona udhaifu wa aina hii ya pili? Matairi yote manne yakipungua sawasawa, huenda isione kitu, maana hakuna mwenye haraka kumzidi mwenzake. Tena ukishajaza upepo au kubadilisha matairi ni lazima uiambie mashine ianze hesabu upya, kwa namna iliyoelezwa katika kitabu cha gari. Ukiisahau kazi hiyo, huenda ukawa umeifundisha iamini kuwa ubovu ndio uzima.

Na aina zote mbili zina jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Sheria ya Marekani inaitaka taa iwake upepo ukishuka kwa robo nzima chini ya kiasi kilichopendekezwa. Ya Ulaya inasema sehemu moja ya tano. Maana yake, gari linalotakiwa kuwa na paundi 40 linaweza kutembea na paundi 31, taa ikiwa imezimika, na dereva akiimba. Kwa hiyo taa iliyozimika haisemi kwamba tairi ni zima. Inasema tu kwamba bado halijaharibika kiasi cha kupigiwa kelele.

Taa ikimetameta kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha ikabaki inawaka, inasema jambo jingine: mtambo wenyewe ni mgonjwa, labda betri ya kihisi imekwisha. Nimewahi kuona gari ambalo mwenyewe ameibandika taa hiyo plasta nyeusi ili isimsumbue usiku. Ni sawa na mgonjwa kuvunja kipimajoto ili apone homa.

Sasa naomba vijana wa Fizikia mkae wima, maana hapa ndipo darasa lenu linapokutana na barabara yetu. Mlifundishwa kwamba hewa iliyofungiwa mahali pamoja, ikipata joto, mgandamizo wake huongezeka, ikipoa, hupungua. Kwa tairi la paundi 40, kila digrii 10 za Sentigredi huongeza au kupunguza karibu paundi 2. Jambo la pili: geji haipimi hewa yote iliyo ndani. Inapima jinsi hewa ya ndani inavyoizidi nguvu hewa ya nje. Ukipanda mlima, hewa ya nje hupungua uzito, na geji husoma zaidi ingawa hukuongeza kitu. Kutoka Mto wa Mbu, ulio karibu meta 1,000 juu ya bahari, hadi Karatu, iliyo karibu meta 1,500, geji hupanda kama paundi 1. Ukiendelea mpaka ukingo wa kreta, ambao uko juu ya meta 2,200, utaongeza kama paundi 1 nyingine.

Haya, tufanye hesabu. Dereva ametoka Makuyuni saa tisa mchana, jua kali. Anasimama Mto wa Mbu na kujaza upepo paundi 40, matairi yakiwa ya moto. Hewa iliyo ndani ina digrii 52. Anapanda Karatu na kulala. Ni mwezi wa Julai. Alfajiri kuna digrii 11. Hewa ya tairi imepoa kwa digrii 41. Baridi imemchukulia karibu paundi 7, kimo kimemrudishia 1. Asubuhi matairi yake yana 34. Hakuna msumari wala mwizi wa upepo. Ni Fizikia tu.

Alfajiri moja ya namna hiyo kijana mmoja, dereva wa watalii, aliingia gereji kwangu akiwa na haraka. Taa ya tairi ilikuwa imewaka. Alikuwa na wageni sita na alitaka kuwahi lango ili ateremke kreta mapema. "Mzee," akaniambia, "hii ni baridi tu, nifungulie kompresa nijaze niondoke." Alichokisema hakikuwa upuuzi, baridi kweli ilikuwepo. Nikamwambia, "Mwanangu, tupime kwanza." Tairi la kwanza 34. La pili 34. La tatu 35. La nne 29.

Vijana, hapo ndipo penye somo la leo. Baridi haibagui. Matairi manne yaliyolala uwanja mmoja yamepigwa na baridi moja, na yangepungua kwa kiasi kinachokaribiana. Lile linalojitenga na wenzake lina kasoro yake binafsi. Tuliling'oa, tukalipaka maji ya sabuni, na povu likatuonyesha: msumari mfupi, umezama kati ya meno ya tairi, hauonekani kwa macho. Tuliziba, akaenda zake, akachelewa chini ya saa moja.

Angejaza tu na kuondoka, taa ingezimika. Angepita Lodoare, angezunguka ukingo, angeteremka kwa njia ya Seneto yenye mteremko mkali na kona, akiwa na watu sita nyuma. Chini kule, katika bonde la kilometa za mraba kama 260, abiria haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, kwa sababu mnazozijua zenye kucha na meno. Hapo ndipo angebadilishia gurudumu. Na hilo ni tukio la heri. La shari ni tairi kumtoka kwenye mteremko wenyewe.

Wengine mtauliza: je, tukijaza naitrojeni? Huulizwa sana. Hewa hii tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari, na naitrojeni tupu nayo hutii joto na baridi vile vile. Haina ubaya, lakini haiwezi kushika nafasi ya mkono wenye geji.

Basi niwape desturi za gereji, mzichukue nyumbani. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kupumzika saa 3 au zaidi. Pima yote manne kwa geji ile ile, uyalinganishe. Usitoe upepo kwenye tairi la moto kwa sababu tu geji imesoma zaidi ya kibandiko. Likipoa litakuwa limepungukiwa, na taa ya alfajiri itakudai. Ikibidi ujaze likiwa la moto, jua kwamba hicho ni kipimo cha muda, upime tena asubuhi. Ukipunguza upepo ili kupita kwenye mchanga au tope, endesha polepole, na urudishe upepo kabla ya kukanyaga lami. Vifuniko vya valvu usivitupe. Vinazuia vumbi, na vumbi ndilo chakula cha kwetu. Kama magurudumu yako yana vihisi, mwambie fundi pancha kabla hajaingiza chuma chake kulitoa tairi, maana kihisi kipo karibu na valvu na pigo moja hukivunja.

Na tairi la akiba. Katika magari mengi taa hailiangalii kabisa. Linaning'inia nyuma au uvunguni miaka miwili, na siku linapohitajika lina upepo wa kujaza puto la mtoto.

Ndugu Mwenyekiti, kwa wenzangu wa zamani nina neno moja la majonzi na moja la kujivunia. Vijana wengi hapa hawajui kwamba Arusha palikuwa na kiwanda cha matairi, General Tyre, kilichoanza kazi mwaka 1971 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2009. Wapo wenzetu wa darasa waliopata pale ajira yao ya kwanza. Siku hizi tairi tunaloliweka barabarani limevuka bahari kutufikia, na bei yake mnaijua. Kulitunza lisife kabla ya siku zake ni uchumi. La kujivunia ni kwamba kazi hii niliyoisimulia, tangu hesabu ya joto hadi povu la sabuni, haikuhitaji zaidi ya yale tuliyofundishwa katika maabara ya shule hii. Nimewafundisha vijana wa gereji ambao hawakupata nafasi ya sekondari, na wameyaelewa.

Namalizia. Wote mliopo mnaikumbuka tarehe 6 Mei, 2017. Siku ile, hapa hapa wilayani kwetu, Rhotia, basi lililobeba watoto wa shule kutoka Arusha lilitumbukia katika korongo la Marera. Walikufa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Siitaji ajali ile ili kuhukumu chanzo chake, wala sisemi ilikuwa tairi. Naitaja kwa sababu tangu siku ile siwezi kulitazama gari linalobeba wanafunzi kama ninavyotazama magari mengine. Mtoto akishapanda gari hana geji, hana usukani, hana breki. Ametukabidhi sisi.

Gari la shule hii, Ndugu Mkuu wa Shule, halina taa ya tairi; nililichungulia kabla ya kuingia ukumbini, utanisamehe. Wala halina haja ya kuisubiri. Nimeleta geji mbili na daftari moja. Geji moja iwe mali ya maabara ya Fizikia, nyingine ikae na dereva. Naomba Kidato cha Tatu wachukue zamu: kila Jumatatu na kila asubuhi ya safari, kabla ya injini kuwashwa, wanafunzi wawili wapime matairi yote pamoja na la akiba, waandike tarakimu na hali ya joto, waweke sahihi. Tairi likijitenga na wenzake kwa zaidi ya paundi 2, gari lisiondoke mpaka sababu ijulikane. Daftari likijaa niletewe Karatu. Nitanunua jingine, na nitayasoma yote mawili.

Kama kuna swali, niulizeni wakati wa chai. Na wenye magari, kabla hamjaondoka jioni ya leo, nitakuwa pale uwanjani na geji yangu mwenyewe. Matairi yatakuwa yamepoa.